Jina Lisilo na R Wala L

Mama yangu mdogo alistaafu ukatibu muhtasi vidole vyake vikiwa bado na kasi. Alipiga taipureta tangu enzi za karatasi ya kaboni, ofisi ikaleta kompyuta akazizoea, kisha akarudi nyumbani kwake Ukonga kumwagilia mchicha na kulea wajukuu. Sie tuliokuwa tukimtembelea sikukuu hadi sikukuu tulidhani mambo yake makubwa yamekwisha. Kumbe alikuwa na moja lililobaki, na nina bahati kwamba nililishuhudia tangu mwanzo.

Nimeolewa kwa wachonga vinyago. Mume wangu na kaka yake, ambaye ndiye shemeji yangu, walijifunza tezo na patasi kwa baba yao aliyetoka kusini, na mpaka leo wana karakana Temeke, ua mmoja wenye bati upande na magogo ya mpingo upande. Wao wanachonga, mie nauza. Napiga picha, naweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, wateja wanauliza, najibu. Kwa miaka kadhaa ukurasa ule ndio ulikuwa dirisha letu, kwa sababu mteja wa Masaki hawezi kujua kwamba nyuma ya gereji ya Temeke kuna mtu anachonga sura ya bibi yake vizuri kuliko picha.

Siku moja asubuhi mume wangu alipigiwa simu. Mpigaji alisema kwa sauti ya upole kwamba ukurasa wetu unahakikiwa, na kwamba zitaingia namba kwenye simu, azisome. Zikaingia, akazisoma. Mchana nilipotaka kuweka picha ya kinyago kipya, nikakuta siwezi kuingia. Nikajaribu kwa simu yangu, kwa simu ya shemeji, nikajaribu pasiwedi zote nilizopata kuwa nazo. Ukurasa ulikuwepo, picha zetu zilikuwepo, ila namba ya simu chini yake haikuwa yetu.

Siku chache baadaye akaja mwanamke mmoja kutoka Kinondoni, amevaa vizuri, uso umemkauka. Alikuwa ameagiza kinyago cha kumpa baba yake siku ya kuagwa kazini, na malipo ya awali alishayatuma kwa hao waliotuibia. Alitufikia kwa kuulizia mtaani. Alisimama getini akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Maneno yalikuwa ya heshima, yanafanana kabisa na yangu, hadi ile "karibu sana dada" niliyozoea kuandika. Nilihisi kama nimekuta mtu amevaa nguo zangu.

Shemeji alikuwa amechutama anapiga msasa. Akasikiliza yote, akainuka, akajifuta vumbi.

"Dada, kazi yako utaipata," alimwambia. "Gogo ninalo. Hao waliokula chako ni wao na Mungu wao."

Yule mwanamke alitazama chini. Mwishoni akasema, "Nashukuru kaka. Ila mkimaliza niandikieni barua pepe. Mambo ya kupigiana simu na kutumiana meseji siyaamini tena." Akatuachia picha ndogo ya baba yake, ndiye wa kuchongwa, na anuani yake. Sie hatukuwa na yetu ya kumpa.

Jumapili ile nilikwenda Ukonga. Sikwenda kutafuta msaada, nilikwenda kulia tu. Mama mdogo aliniacha nikalia, akanipa chai, akaniuliza swali moja.

"Ule ukurasa ulikuwa wa nani?"

"Wetu, mama."

"Kama ni wenu, mbona mmefungiwa nje?"

Nikakiweka kikombe chini. Akasema, "Haukuwa wenu. Mlikaribishwa barazani kwa mtu. Mwanangu, niache nisome kidogo, halafu tuongee."

Niliporudi kumwona, meza ya chakula ilikuwa imehamia dirishani. Juu yake palikuwa na laptopu aliyoachiwa na binti yake, na yeye amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alikuwa anasoma mambo ya domeini, yaani jina la mtandaoni, ambalo vitabuni huitwa kikoa, na mambo ya hostingi, na mambo ya barua pepe zenye jina la biashara. Asichokielewa alikuwa anawapigia simu wauzaji wa huduma hizo na kuwauliza. Niliwahi kumsikia. "Mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mama yako mzazi, usiruke hatua," alisema, na yule kijana wa upande wa pili, ambaye nadhani alizoea kufokewa, akamweleza kwa muda mrefu, na mama mdogo akawa anaitikia "ehe, ehe" kama mtu anayepewa habari za ndugu zake.

Alikuja Temeke siku ya kazi, laptopu ameifunga kwenye kitenge. Shemeji alimwamkia akampa kigoda. Hakupenda habari zile. Yeye aliona tatizo la simu haliwezi kutibiwa na simu nyingine kubwa zaidi.

"Kwa hiyo mama, tunanunua jina?" aliuliza.

"Tunalikodi, baba. Unalipia mwaka, ukifika unalipia tena. Maadamu unalipia kwa wakati, hakuna mwingine duniani anayeweza kulitumia. Ukisahau, linarudi sokoni na mwingine anaweza kulichukua."

"Na hiyo hostingi?"

"Jina peke yake ni jina tu, halina mahali pa kuweka kitu. Picha zenu na maneno yenu lazima vikae kwenye kompyuta ambayo haizimwi, ipo kwa watu wenye kazi hiyo. Unapanga nafasi kwao, kama chumba."

"Wakitusumbua kama hawa wa juzi?"

"Unahama. Unachukua picha zako unakwenda kupanga kwingine, na jina unaondoka nalo. Wateja hawatajua kama umehama, wataandika jina lile lile na watakukuta." Akaongeza, "Ndiyo maana nasema tuanze na jina, na liandikishwe kwenu wenyewe. Siyo kwangu, wala kwa fundi yeyote atakayekuja kuwachorea ukurasa."

Hapo ndipo nilipomwona shemeji anaweka patasi chini.

Kuchagua jina kulituchukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mume wangu alitaka jina refu lenye sanaa na asili na utamaduni ndani yake. Shemeji alitaka jina la ukoo. Mie nilikuwa na langu la kizungu ambalo sasa naona aibu kulikumbuka. Mama mdogo hakukataa hata moja. Alisema tu, "Tuyapime." Nikatumwa Buguruni kununua msasa na vanishi, na nikiwa katikati ya soko, matingo wanaita abiria na spika ya muuza dawa za panya inanguruma, simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Nitakutajia majina, wewe yaandike ulivyoyasikia," alisema.

Nikaandika nimeegemea mkokoteni wa nyanya. Niliporudi Temeke tukalinganisha. Jina refu la mume wangu nilikuwa nimeliandika nusu. Langu la kizungu hata mie mwenyewe nililikosea. Halafu akasema shemeji amsomee ndugu yetu mwingine majina hayo kwa simu, na hapo likatokea jambo jingine. Shemeji yangu ana ulimi wa nyumbani kwao, r kwake huwa l, na jirani zetu kadhaa wa bara nao huigeuza l kuwa r. Jina la ukoo lilikuwa na zote mbili. Kila aliyetajiwa aliliandika kivyake.

"Hakuna aliyekosea," mama mdogo alisema. "Kila mtu ameandika alivyosema yeye. Jina ndilo halifai. Tutafute lisilo na r wala l, fupi, lisilo na kistari katikati, na ambalo mtoto wa shule analiandika bila kuuliza."

Tulikaa pale tunatupa maneno na kuyachuja, wachongaji wawili, mie, na yeye katikati na miwani yake, tunacheka kwa mara ya kwanza tangu tuibiwe. Neno lililobaki alilitoa shemeji. Lilikuwa la silabi chache, la kazi yao, na linatamkwa sawa na kila mtu kuanzia Mtwara hadi Mwanza. Mama mdogo akalitafuta akakuta halijachukuliwa. Akatushauri tuchukue lenye mwisho wa nchi yetu, nukta co nukta tz, ili mteja aone mara moja tuko wapi.

Alikataa katakata kutumia anuani yake kwenye uandikishaji. Alimfanya mume wangu afungue kwanza barua pepe ya kawaida, ya bure, kwa ajili ya kutunza ufunguo wa jina, na simu ya kuhakikisha iwe ya mume wangu, na ya akiba iwe yangu. Niliona hilo ni jambo la ajabu kidogo, maana mume wangu ndiye aliyesoma zile namba. Nadhani naye aliliona hivyo, kwa sababu alisema taratibu, "Mama, labda umpe mke wangu peke yake."

"Hapana," alijibu. "Wewe ndiye utakayekuwa mkali kuliko wote. Namba zikiingia kwenye simu hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akiwa mie."

Wiki ile mama mdogo akampigia mume wangu simu kutoka Ukonga. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake inavyosema kwa haraka kwamba kuna shida, ameziomba namba zimeingia kwenye simu ya mume wangu, amsomee upesi. Mume wangu alizitazama zile namba. Kumkatalia mkwe si jambo dogo kwao wala kwetu.

"Samahani mama," alisema, "sitazisoma."

Nilisikia kicheko chake kikitoka kwenye simu, kicheko kirefu cha mtu aliyefurahi kweli. Mume wangu alitembea kifua mbele siku nzima.

Basi jina likapatikana, chumba kikapangwa kwa kampuni nyingine, siyo ile iliyotuandikishia jina. Sasa ilibaki kuliambia jina chumba kiko wapi. Wale wa hostingi walitutumia majina ya seva zao, yaani zile kompyuta zisizozimwa, ambayo lazima yaandikwe kule lilikoandikishwa jina, na mama mdogo akayaandika pale karakana akitumia intaneti ya jirani yetu, mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, Mwarabu aliyezaliwa Temeke hii hii na baba yake pia. Fundi mmoja wa mtaa wa pili, anayechapa mabango na kadi, ndiye aliyepanga picha na maneno kwenye kurasa, na kazi aliifanya vizuri. Mama mdogo alimwachia kazi ile bila kumwingilia, ila alipomaliza alibadilisha pasiwedi mbele yake, kwa heshima, na yule fundi hakukasirika. Alisema laiti wateja wake wote wangekuwa hivyo.

Tukafungua. Hakuna kitu. Shemeji akanipa simu yake niandike jina, hakuna kitu. Akanitazama kwa jicho lile la nilisema mie.

"Tusubiri," mama mdogo alisema. "Habari ya jina haifiki kila mahali kwa pamoja. Si mnajua habari ya msiba? Wa Mabibo ameshafika matangani, wa mtaa wa pili ndiyo kwanza anauliza nani kafa."

Akatoa sindano na uzi akashona kifungo cha kanzu ya mjukuu wake. Sie tukarudi kazini. Jua lilikuwa limeanza kupinda pale mzee wa duka alipotoka nje, simu mkononi, miwani puani.

"Nyie mnalalamika nini?" alisema. "Kwangu mie mbona naviona vinyago?"

Tulimzunguka. Kwenye simu yake palikuwa na jina letu juu, na chini yake mikono ya shemeji imeshika tezo. Kwenye simu ya shemeji mwenyewe bado hapakuwa na kitu, hadi kesho yake. Lakini alishika simu ya yule mzee kwa muda, akiitazama mikono yake.

Tukatengeneza anuani za barua pepe zenye jina letu, moja ya mauzo na moja ya mume wangu. Barua ya kwanza kabisa nilimwandikia yule mwanamke wa Kinondoni, kwamba kinyago chake kimefika kwenye msasa wa mwisho. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Simu yetu hakupokea, kama alivyotuonya. Siku ya kumuaga baba yake ilikuwa inakaribia, na shemeji alikuwa amekipaka kiwi kinang'aa, amekifunga kwenye gazeti, kimekaa kwenye kabati.

Nilimwambia mama mdogo. Akaniambia nimtumie yeye barua ile ile. Nikaituma, akaitafuta, akaikuta kwenye spamu, kule zinakotupwa barua za matapeli. Iliniuma. Tulikimbia wezi, na sasa tulikuwa tunahesabiwa pamoja nao.

Yeye hakuumia, alitaka kujua sababu. Alisoma akaelewa kwamba kuna mstari wa maandishi unaowekwa pamoja na jina, unaotangaza ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina hilo. Mpokeaji akiukosa mstari ule, au akiukuta una kasoro, anakuwa na shaka. Wetu ulikuwepo. Ulionekana sawa kabisa. Mie niliutazama mpaka macho yakaniwasha.

Basi akafanya walivyokuwa wakifanya ofisini kabla barua ya mkubwa haijatoka. Mmoja anashika asili, mwingine anashika nakala. Alinipa maelezo ya kampuni ya hostingi, yeye akashika mstari wetu, akaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, na mie nafuatisha kwa kidole. Alisoma kama mtu anayesali, bila haraka. Tulipofika katikati akasimama.

"Kwako hapo pana nafasi?"

"Hapana mama, yameshikana."

"Kwangu pana nafasi."

Nafasi tupu moja, upana wa punje ya ulezi, ambayo yeye mwenyewe aliipiga kwa kidole chake. Aliicheka. "Zamani ningelirudia ukurasa mzima," alisema, akaifuta.

Kesho yake niliituma tena, na barua ikafika ilipotakiwa kufika. Yule mwanamke alijibu asubuhi, kwa maneno mazuri, akaja kukichukua kinyago mwenyewe. Alikifungua pale pale getini. Alipoona sura ya baba yake kwenye mpingo, na ule mkunjo wa paji la uso ambao shemeji aliutoa kwenye picha ndogo tu, alikaa kwenye kigoda na kukipakata. Alitaka kulipa upya, shemeji akakataa, wakavutana kwa adabu hadi yule mzee wa duka akaja kuamua. Wiki zilizofuata barua zilianza kuingia kutoka kwa watu aliowaonyesha, na wote waliandika jina letu kwa usahihi.

Jambo ambalo sikulitegemea ni shemeji. Alikuja kwa mama mdogo siku moja, akasimama pembeni, akaomba naye apewe anuani yake. Kwenye simu alikuwa hawezi kuandika. Si kwamba hakujua kusoma. Vidole vyake vimelika kwa msasa hata kioo cha simu hakivitambui, anagusa na simu inakaa kimya kama ukuta. Kwa miaka yote nilikuwa nikidhani hapendi tu mambo ya simu. Mama mdogo ndiye aliyegundua, kwa kumtazama. Akamsogezea laptopu.

"Hii ina vitufe, baba. Vitufe havichagui kidole."

Akamfundisha, mchana baada ya mchana, kila alipokuja Temeke. Shemeji alipiga vitufe kwa nguvu kama anapiga nyundo, na yeye hakumwambia apunguze. Alisema atapunguza mwenyewe akizoea, na ikawa hivyo.

Mwaka ulipozunguka, mama mdogo alikuwa na mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akakatazwa kutazama vioo vya simu na maandishi kwa muda. Ndipo taarifa ya kulipia jina ilipoingia, na pamoja nayo ikaingia nyingine, yenye maneno ya vitisho, kutoka kwa watu tusiowajua, ikidai tulipie kwao leo leo au tupoteze kila kitu. Mume wangu alizilinganisha na pale tulipoandikisha jina, akaitupa ile ya uongo, akalipia ya kweli. Hakumpigia simu mtu yeyote kuuliza. Aliniambia jioni tukiwa tunakula, kama mtu anayesema amefunga geti.

Hapo nilielewa alichokuwa anakifanya mama mdogo siku zote zile. Nimewaona mafundi wengi wazuri, na wengi wao hujiweka katikati ili usiweze kuishi bila wao. Yeye kila alichojifunza alikihamishia kwenye mikono yetu, akahakikisha kimeshika, kisha akaondoa wake. Sijui kama aliliwaza hivyo au ndivyo alivyo tu.

Nilikwenda kumwona Ukonga akiwa bado na bandeji kwenye jicho moja. Nilimkuta amelala kwenye mkeka ukumbini, redio inaongea chini chini. Nikamwambia kuna barua yake imeingia, kutoka kwa shemeji, aliyoiandika mwenyewe kwa anuani yake mwenyewe.

"Nisomee," alisema.

Nikaishika simu yake, nikamsomea. Shemeji alimwamkia, akamwambia kazi zinakwenda, kuna mtu wa Arusha ameagiza, kaptula za watoto zimenunuliwa, na kwamba nyumbani wote wanamwombea jicho. Alimwambia pia kwamba baba yao mzee alikuwa akisema kinyago hakina sauti, na kwamba yeye sasa anaona kama chake kimepewa.

Mama mdogo alikuwa amefumba jicho. Nikafikiri amesinzia.

"Nionyeshe hiyo simu," alisema.

"Mama, umekatazwa."

"Nionyeshe tu, kwa jicho zima."

Nikaisogeza. Aliitazama kwa karibu sana, jicho lake moja likitembea kwenye mistari, na midomo yake inasogea. Kisha akakirudisha kichwa chake kwenye mto.

"Barua nzuri sana," alisema. "Mwambie nimefurahi. Na mwambie baada ya mkato huwa tunaacha nafasi."